Mwanangu, kabla hujaacha yuria

Mwanangu, hujambo? Ujumbe wako nimeusoma. Kumbe msimu huu unataka mpunga ule samadi tupu, mbolea ya dukani kama yuria basi. Mi sikukatazi ila tupige hesabu kwanza. Mfuko wa yuria wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, sasa uzitafute hizo kwenye samadi kavu ya ng'ombe, hata ikiwa nzuri yenye asilimia 1 utahitaji zaidi ya tani 2, upakie usombe umwage, na bado zote hazitoki msimu huohuo.

Yuria peke yake nayo hasara, ukiimwaga kwenye jaruba limejaa maji na jua kali nyingi inageuka gesi inapaa na hela yako. Na udongo usiopata samadi unachoka, haushiki virutubisho.

Kwa iyo changanya. Samadi iwe imeoza kweli, ukiishika haina joto, inamong'onyoka mkononi. Mwaga wiki 2 au 3 kabla ya kupandikiza, uichanganye na tope. Mbichi usithubutu, ikiozea majini inatoa gesi na asidi, mizizi inaharibika, mche unadumaa alafu watu wanalaumu mbegu. Hapo yuria punguza robo tu kwa kuanzia, hao wanaokwambia iache yote siku moja sio wao watakaovuna mapepe.

Yuria iliyobaki igawe, mara ya kwanza mpunga ukianza kutoa machipukizi, ya pili ukianza kutunga mimba, yaani suke linaanza kujengeka ndani ya shina. Toa maji kwanza libaki tope, mwaga, ndo urudishe maji. Majani yakiwa kijani kimekolea sana usiongeze, mpunga utalala na ugonjwa wa blasti utaingia.

Mabua usichome jamani, potasiamu nyingi ya mpunga imebaki humo. Yafukie mapema tu, ukiyafukia siku za kupanda vijidudu vitakula naitrojeni kabla ya mpunga na shamba litakuwa njano.

Faida sasa. Usihesabu magunia peke yake, toa na vibarua wa kusomba samadi, kama inatoka mbali inaweza kumeza chote ulichookoa kwenye yuria. Tenga majaruba mawili yanayofanana, moja yuria tu jingine mchanganyiko, andika kila shilingi, ukishapima mavuno nitumie hesabu ya yote mawili.