Pono si adui wa matumbawe

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia, lakini ile habari yenu iliyomwita samaki pono mharibifu wa matumbawe, na kudokeza kwamba akivuliwa kwa wingi miamba itapona, siwezi kuinyamazia.

Mwandishi wenu aliona alama za meno kwenye mwamba akatoa hukumu. Wapo kweli pono wanaomega matumbawe yaliyo hai, ila kwa sehemu kubwa wanachotafuta ni mwani na vijidudu vilivyoota juu ya mwamba uliokwisha kufa. Mwani huo usipoparuliwa, makinda ya matumbawe hayapati pa kushika. Na baada ya joto la bahari la mwaka 1998 kuua matumbawe mengi katika pwani yetu, kila anayeparua mwani ni wa kutunzwa. Nchini Belize, Amerika ya Kati, walilielewa hilo, wakapiga marufuku uvuvi wa pono mwaka 2009.

Wiki iliyopita nilikwenda dikoni, pale wavuvi wanapoteremsha na kunadi samaki, huku mashariki ya Unguja, nikakuta tenga limejaa pono wadogo wa kahawia, wasiozidi urefu wa kiganja. Nilipomuuliza kijana mwenye tenga kwa nini anawamaliza wachanga, alitoa simu akanisomea habari yenu, neno kwa neno, mbele ya wanunuzi, kisha akasema kwamba yeye anaisaidia bahari. Nilimwomba mparaji wa samaki ampasue mmoja. Utumbo ulijaa uji mweupe wa chokaa, na kooni mlikuwa na taya la pili lenye safu za meno ya kusagia. Pono hana tumbo la kuhifadhia chakula. Mwamba alioumega husagwa humo kooni, ukapita utumboni na kutoka ukiwa mchanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu kisiwa cha Vakkaru, huko Maldivi, ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mchanga mpya unaozalishwa na miamba yake hutokana na pono. Huyo ndiye mliyemwita mharibifu, Mhariri, hapa Unguja, kisiwa ambacho watu wanaishi kwa fukwe zake nyeupe!

Tena hamkugusia wanaozamia usiku kwa tochi na mkuki. Pono hulala usiku katika nyufa za mwamba, wengine wakiwa wamejifunika utando wa ute, na usingizi mzito wa pono kila mtu wa pwani anaujua. Anayemchoma humo halazimiki hata kumfukuza. Wanaochaguliwa ni wale wakubwa wa kijani na buluu, ambao kwa kawaida ndio madume, na ndio wanaoparua mwamba mwingi zaidi.

Naomba mambo mawili. Meza ya mnada ya kila diko ichongwe mstari wa sentimita 30, na pono asiyeufikia mnadi asimnadi. Nanyi mchapishe masahihisho katika ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, pamoja na picha ya lile taya la kooni, ili yule kijana apate cha kuwasomea wanunuzi wake.

Msomaji wenu,
Unguja