Maranda hayafai mteremkoni

Mhariri,

Kila mvua zinapokaribia, wenye mashamba na viwanja vya mteremko huambiwa watandaze mabaki ya mbao ili udongo usichukuliwe na maji. Ushauri mzuri, ila hutolewa nusu. Mabaki gani?

Mimi nilimwaga maranda na unga wa mbao nyuma ya nyumba. Palipendeza siku mbili. Upepo ukabeba chake, mvua ya kwanza ikamalizia. Asubuhi nilikuta maranda yamelundikana mtaroni, na udongo umechorwa vijito vyembamba kama nyufa za kisigino.

Tone kubwa la mvua huanguka kwa kasi inayokaribia mita 9 kwa sekunde. Likigonga udongo mtupu huvunja mabonge na kurusha chembe, nazo huziba vitundu vya udongo. Maji yakikosa pa kupenya, yanateremka na udongo wetu. Matandazo hupokea kipigo hicho na kuyachelewesha maji. Lakini ni lazima yenyewe yabaki pale! Vinavyobaki ni vipande virefu vyembamba, vya matawi au mbao zilizochanwa, kwa sababu hulaliana na kushikana. Huko Marekani vipande vya namna hiyo hutandazwa kwenye milima iliyoungua kwa moto wa misitu: havipeperuki ovyo kama mabua, wala haviji na mbegu za magugu.

Tabaka la unene wa sentimita 5 hadi 10 linatosha, mradi usirundike kwenye mashina ya miti. Wengine huvifukia wakidhani ni mbolea. Vijidudu vinavyoozesha vipande hivyo huchukua nitrojeni ya udongoni, na mimea iliyo karibu hugeuka njano. Vikikaa juu, udongo wa chini hauguswi sana. Mbao kuukuu zilizotiwa dawa ziachwe kabisa, kwani baadhi ya dawa hizo zina aseniki.

Na palipokwisha kuwa korongo, matandazo peke yake ni kujisumbua. Maji yaliyojikusanya huyaelesha na kuondoka nayo. Hapo zitangulie kinga za maji, matandazo yafuate.

Ninaomba wanaotoa ushauri huu kwenye kurasa zako wataje umbo la kipande na unene wa tabaka, si kusema tu “mabaki ya mbao”. Mimi bado nazoa maranda mtaroni.

Msomaji wako