Shoga, njoo na ile Katiba yako

Chamwino, Dodoma

Shoga yangu,

Mbukwenyi! Najua utasema nakukumbuka nikiwa na shida tu. Haya, sema. Huku wazima, jua kali, zabibu za baba mdogo zimeiva zote kwa mpigo na bei imelala. Mama Mapacha anakusalimia, ila ile kanga bado hajakusamehe.

Sasa sikia. Juzi tuliitwa mkutano wa kijiji, tukatangaziwa ni habari ya choo cha shule. Choo kikaongelewa kidogo, mara mwenyekiti akachomekea eneo la malisho kule ng'ambo ya korongo: kuna mwekezaji analitaka, halmashauri ya kijiji imeshakubali, "tunawataarifu tu." Watu kimya. Wengine wakapiga makofi! Daftari la mahudhurio likazungushwa. Liliponifikia nikaona majina na saini tupu, juu hakuna ajenda wala tarehe. Bibi mmoja pembeni yangu, kidole keshakipaka wino, akamuuliza mtendaji: "Mwanangu, hili dole langu linasema nimekuja, au linasema nimekubali?" Watu wakacheka. Mtendaji hakucheka, hakujibu.

Nimelala na swali hilo hadi leo. Yule binti wa msaada wa kisheria (unamjua, mwenye pikipiki) ameniambia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Na mkutano mkuu ni nani? Ni sisi, kila mkazi aliyefikisha miaka 18! Tulikuwa tunataarifiwa uamuzi wetu wenyewe, na tunaupigia makofi.

Kinachoniuma, Ikulu tunayo hapa hapa Chamwino. Msafara ukipita, hata watoto wanakutajia nani yumo. Ila Ibara ya 8 ya Katiba, kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, muulize mtu gengeni uone. Mimi na wewe tulisoma Uraia sekondari, tena kwa Kiingereza. Tukakariri mihimili mitatu ya dola, wewe ukapata A yako, basi. Na ambao hawakufika huko? Ukikaribia uchaguzi wanafundishwa kukunja karatasi ya kura. Baada ya hapo nani anawaambia wana haki ya kusomewa mapato na matumizi ya kijiji? Au kukataa? Yule bibi hajasoma Uraia popote, na ndiye peke yake aliyeuliza.

Baba watoto ananiambia niache, nitachukiwa. Sawa, lakini ng'ombe wake mwenyewe wanachungia wapi?

Wanasema mkutano mwingine utaitwa. Naomba uje, shoga, wewe unafundisha na watu wanakusikiliza. Usije na maneno ya darasani. Wasomee tu hiyo Katiba, kwa Kiswahili kile kile kilichoandikwa, halafu waache waulize.

Hivi mahudhurio yanaweza kweli kugeuzwa muhtasari wa kukubali? Tukiomba kuuona huo muhtasari, wanaweza kutunyima? Tuanzie kwa ofisa mtendaji wa kata au twende moja kwa moja wilayani? Shule zenu zinafunga lini? Utafikia kwangu au kwa dada yako? Na mlenda bado unakula, au Singida wamekuharibu?

Wako,
Mama Wawili