Kilimanjaro: vizazi vinapungua, wazee wanabaki

Mhariri,

Kila Desemba magari yanapofurika Moshi, utasikia watu wakisema mlima umejaa. Sensa haisemi hivyo. Kati ya mwaka 2012 na 2022 Watanzania waliongezeka kutoka milioni 44.9 hadi milioni 61.7, zaidi ya theluthi moja. Mkoa wa Kilimanjaro ulitoka watu 1,640,087 hadi 1,861,934, yaani kama asilimia 13 na nusu tu.

Sababu moja tunaijua sote: kihamba (shamba la ukoo la Wachaga) kilichogawanywa kwa watoto na wajukuu kimefika mwisho, vijana wanashuka kutafuta maisha Arusha na Dar es Salaam. Linalosahaulika ni kwamba wanaoondoka ndio wenye umri wa kuzaa. Watoto wao wanazaliwa Kimara na Mbagala, na huko ndiko wanakohesabiwa. Huku juu, Marangu au Kibosho, unamkuta bibi wa miaka themanini akikata majani ya ng'ombe peke yake, kahawa imezeekea shambani. Na penye wazee wengi, vifo kwa kila watu elfu hupanda hata huduma zikiwa nzuri. Wapo wanaokimbilia kulaumu manesi (wengine hata uchawi!) bila kuuliza marehemu alikuwa na umri gani.

Halmashauri zetu zipange bajeti kwa hesabu hiyo. Zianze kwa kukagua ni zahanati ngapi za mlimani zina dawa za presha na kisukari mwezi mzima.

Msomaji wako,
Moshi