Dalali, mahindi hayapimwi kwa jicho

Mhariri,

Juzi dalali alichota mahindi yangu kiganjani, akayatazama, akasema, "Mama, haya bado mabichi, yanang'aa." Akakata bei. Nilikuwa nimeyaanika kwenye turubai siku tisa. Kung'aa ni mbegu tu ilivyo. Ya jirani, yaliyofifia kwa vumbi, yakapita. Nilipong'ata punje yake, jino lilizama kama kwenye njugu mawe za kuchemsha!

Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Jicho gani linaiona hiyo nukta tano? Mimi hutia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, natikisa, nasubiri robo saa. Chumvi ikinata ubavuni, nayarudisha juani. Madalali waje na kipimo, au basi hata chupa.

Mama mkulima,
Mbozi, Songwe