Injini kuiona hatua ya Shirov: tuambiwe ilipimwaje

MHARIRI,

Naomba nafasi nizungumzie madai kwamba injini fulani ya sataranji (programu ya kompyuta inayocheza) "imeiona" hatua maarufu ya mchezaji Alexei Shirov dhidi ya Veselin Topalov, mashindano ya Linares, 1998. Bila kueleza jaribio lilivyofanywa, dai hilo halina uzito.

Upangaji ni huu (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari wake). Mweupe: mfalme g1, askofu c3, askari g2 na h4. Mweusi: mfalme e6, askofu f5, askari a4, d5, f6 na g6. Ni hatua ya 47, zamu ya Mweusi. Ukisahau kuweka zamu, jaribio limekufa.

Shirov, aliyekuwa Mweusi, alimpeleka askofu h3 akaliwe bure. Mfalme wake alihitaji kufika e4 kabla mwenzake hajafika e3. Askofu akienda e4 anamtishia kweli askari wa g2, ila anaziba mraba uleule. Akiwa h3 njia iko wazi, na Mweupe akimla anapoteza zamu.

Injini huiweka hatua ya namna hiyo mwishoni mwa orodha na kuichunguza juujuu. Isitoshe, Mweusi tayari amezidi askari wawili, kwa hiyo hata hatua ya kawaida inapata alama nzuri, ingawa michezo ambayo askofu wa kila upande hutembea miraba ya rangi tofauti na ya mwenzake mara nyingi huishia sare.

Anayepima afute kwanza hashi, yaani kumbukumbu ya injini ya hali ilizokwisha kuzipima. Injini iliyoonyeshwa jibu hulihifadhi humo, na mara ya pili "hugundua" papo hapo. Atumie kiini kimoja cha prosesa, kwani vikiwa vingi muda hubadilika kila jaribio. Aiombe injini mstari mmoja tu, yaani mfululizo mmoja wa hatua inazoziona bora: ukiomba mistari minne, injini inalazimika kuzichunguza kwa makini hata hatua ilizozidharau, nayo h3 huibuka mapema kuliko ingekuwa mchezoni. Muda uhesabiwe tangu hatua inaposhika nafasi ya kwanza bila kuondoka tena, si inapochomoza mara moja na kuzama.

Alama ambazo injini huipa hali ya ubao nazo zisomwe. Injini ikichagua h3 huku ikiona sare, imebahatisha. (Programu nyingine huhesabu kwa upande wa Mweupe, hivyo hasi ni habari njema kwa Mweusi.)

Ikishindwa, ichezee mbele: Mweupe amle askofu, mfalme f5, mfalme f2, mfalme e4, askofu ale f6, askari d4. Ikiona ushindi hapo, tatizo lilikuwa upekuzi, yaani haikutazama hatua za mbele vya kutosha. Ikiona sare hata hapo, tatizo ni namna inavyopima hali ya ubao. Hifadhidata za Syzygy, zenye majibu kamili ya hali za mwisho wa mchezo zenye vipande hadi saba, haziimalizi kazi moja kwa moja, maana bado ubaoni vimo vinane, lakini isemwe kama ziliwashwa.

Hata hivyo, fumbo moja halitoshi kupanga injini kwa ubora. Jaribio la Bratko na Kopec la 1982 lilikuwa na mafumbo 24, kila moja dakika mbili.

Mpenzi wa sataranji