Mpango wa mji wa Lamu uanzie majumbani

Mheshimiwa Mhariri,

Kila unapozuka mjadala wa mpango kabambe wa mji wa Lamu, michoro inayoletwa huwa ya gati, taa za ufukweni na viti vya kupumzikia wageni. Mchoro wa ukuta sijauona. Naomba nafasi niuzungumzie ukuta.

Nyumba za Mkomani, mtaa wetu wa mji mkongwe, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Chokaa hupumua, hivyo unyevu unaopanda kutoka ardhini hupata pa kutokea. Miaka michache iliyopita tulimwita fundi atutengenezee ukuta wa daka, yaani ukumbi wa mlangoni, naye akaupiga lipu ya saruji ukang'aa kama sahani. Masika mawili hayakupita, lipu ikaanza kubanduka mapande mapande, na nyuma yake jiwe limegeuka unga wa chumvi ambao mpaka leo tunaufagia barazani kila asubuhi. Fundi simlaumu sana: saruji iko kila duka, chokaa nzuri mpaka uitafute.

Tangu mji uingizwe katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 tumekatazwa mengi, na ni haki, lakini anayekatazwa saruji bila kuwezeshwa kupata chokaa mwishowe huuza. Mnunuzi akiwa mtu wa kuja likizo, nyumba hupendeza kweli, ila mlango hubaki na kufuli miezi mingi, na jirani hana wa kumwazima moto.

Mji wa Barcelona, Uhispania, mwaka 2016 uliyazuia magari yapitayo njia za ndani katika mtaa wa Poblenou ili watu watembee. Vichochoro vya namna hiyo sisi tumevirithi, vingine havizidi upana wa punda na shehena yake. Kazi yetu ni kuzuia bodaboda zisivizoee.

Basi, kabla ya viti vya ufukweni, mpango utenge mfuko wa kuwakopesha chokaa na boriti wenye nyumba wanaoishi humo, uwalipe mafundi wakongwe wafundishe vijana, na uzibue mitaro ya vichochoroni. Rasimu ikiwa tayari, ibandikwe kwa Kiswahili pale Mkunguni mbele ya ngome, ikionyesha nyumba moja moja: nani anaishi humo, na ukuta upi unadondoka.

Mkazi wa Mkomani,
Lamu